Je, wajua kwa nini mwajiri mpya hukubali kukungoja umalize notisi?

Simu imeingia, umepata kazi, na kabla ya kuagana unaulizwa: "Unaweza kuanza lini?" Wengi hujibu palepale, "Hata wiki ijayo," wakihofia kwamba wakisitasita nafasi itakwenda kwa mwingine. Jioni wanafungua mkataba wa kazi ya sasa na kukuta wanadaiwa notisi ya siku 30, yaani muda wa kuendelea kufanya kazi baada ya kutoa taarifa ya kuacha. Hofu hiyo naielewa sana, lakini mara nyingi haina msingi.

Mwajiri aliyekuchagua ameshatumia muda mwingi kutangaza nafasi, kupitia maombi na kufanya usaili. Akikuacha anaanza upya, na huyo atakayemfuata, kama naye yuko kazini, atakuja na notisi yake. Kukungoja wiki chache kwa kawaida ni nafuu kwake. Tena namna unavyoagana na bosi wa sasa humwonyesha jinsi utakavyoagana naye siku ikifika. Anayeahidi kuondoka kesho bila kuaga humtia wasiwasi, hata kama hasemi.

Asichoweza kukisia ni urefu wa notisi yako, kwa sababu mikataba na sheria hazifanani. Marekani, kwa jumla, mfanyakazi asiyefungwa na mkataba halazimiki kutoa notisi. Zile wiki 2 zinazotajwa sana ni desturi tu. Uswisi, mkataba usiposema vinginevyo, ni mwezi 1 katika mwaka wa kwanza baada ya kipindi cha majaribio, miezi 2 kuanzia mwaka wa pili hadi wa tisa, kisha miezi 3. Ujerumani kanuni ya kawaida ni wiki 4, nazo sharti ziishie tarehe 15 au mwisho wa mwezi. Barua ikimfikia mwajiri tarehe 3 Machi, unaondoka tarehe 31 Machi. Ikimfikia tarehe 4, unabaki mpaka 15 Aprili. Siku moja imekula nusu mwezi!

Kosa linaloniuma zaidi ni kuhesabu siku kuanzia ile simu. Tuseme ulipigiwa tarehe 3 Juni ukaahidi kuanza tarehe 3 Julai. Mkataba wa maandishi unakufikia tarehe 10, unausaini, na tarehe 11 unapeleka barua ya kuacha kazi. Siku 30, zikihesabiwa kuanzia kesho yake, zinaisha tarehe 11 Julai. Umeahidi siku ambazo bado ni za mwajiri wako wa sasa. Na tafadhali usijaribu kuziokoa kwa kupeleka barua kabla ya kusaini kule unakokwenda. Ofa ya mdomo inaweza kubadilika, na ukishaacha kazi huna pa kurudi.

Kwa hiyo, usitaje tarehe peke yake, taja na sharti lake: "Nimefurahi sana kupata nafasi hii. Nina notisi ya siku 30, na nitaiwasilisha siku inayofuata baada ya sisi wote kusaini mkataba. Tukisaini kufikia Ijumaa, naweza kuanza tarehe fulani." Hapo wakitaka uwahi, ni juu yao kuharakisha karatasi.

Wakisema hawawezi kungoja, rudi kwa bosi wa sasa ukazungumze naye. Huenda akakuruhusu utumie siku za likizo zilizobaki ndani ya notisi, au akubali uondoke mapema ukishamaliza makabidhiano. Pengine mkataba au sheria inakuruhusu kumlipa bosi wa sasa mshahara wa siku hizo badala ya kutumikia notisi. Ikiwa hivyo, muulize mwajiri mpya kama atachangia, maana wapo wanaokubali. Lolote mtakaloafikiana liwe kwa maandishi. Kuanza kule kabla ya kumaliza huku ni hatari, maana mikataba mingi inakataza.

Jambo la mwisho watu huona haya kuliomba, nalo ni siku chache za kupumzika katikati. Liombe sasa, wakati tarehe bado inajadiliwa, kwa kuwa kazi mpya ikianza huenda likizo ikachukua miezi kupatikana. Ila kabla ya kuziomba, uliza bima yako ya afya inakoma siku gani na ile mpya inaanza lini.