Posa ya Wakalmyk: gundi, maandazi na sheria ya 1640

Ukisema Urusi wengi wanawaza Moscow na theluji basi, ila kule kusini, karibu na mto Volga unapoingilia bahari ya Kaspi, wapo Wakalmyk, watu wa asili ya Kimongolia, dini yao Ubudha, mababu zao walihamia huko na mifugo karne ya 17. Mimi nasomea mila za ndoa za wafugaji wa nyika na hawa nawapenda kuliko wote.

Kwao posa inaanza na damu. Ukoo mmoja upande wa baba hamuoani, hata kama undugu wenyewe ni wa vizazi na vizazi. Halafu mnajimu, wanamwita zurkhachi, anapima miaka ya kuzaliwa ya kijana na binti kama inapatana, isipopatana posa inafia hapo hapo. Ikipatana washenga wanaenda kwa kina binti, sio mara moja jamani, wanaenda na kurudi na kila safari wamebeba pombe, nyama ya kondoo na borzok, yale maandazi yao ya kukaanga. Kwenye zawadi za posa kuna gundi pia! Gundi kabisa, ndoa ishike isibanduke.

Sasa mahari. Hapa ndo pananivutia zaidi. Mwaka 1640 watawala wa Oirat, ndio mababu zao hao, walikaa na wenzao Wamongolia wakapitisha sheria kwamba kila mwaka kwenye kaya 40 lazima kaya 4 zioze vijana wao wa kiume, na kaya 10 zimchangie mifugo kijana mmoja. Wasipofanya hivyo wanapigwa faini! Na aliyechangia mnyama alipata nguo kutoka kwenye vitu anavyokuja navyo bibi harusi. Yaani michango ya harusi hii tunayokumbushana kwenye magrupu, kwao ilikuwa amri ya nchi, na kwa maoni yangu walifikiria mbali sana maana kijana maskini hakukosa mke kwa sababu ya ng'ombe.

Zamani harusi ikifika, nywele za binti zilizokuwa msuko mmoja ziligawanywa misuko miwili, ikafunikwa na vifuko vya kitambaa cheusi. Kwa mume aliinamia jua, moto wa nyumba na wazee wa ukoo, mafuta ya kondoo yalitiwa motoni, alipewa jina jipya, na kuanzia hapo majina ya wakwe zake hakuyatamka.

Desemba 1943 serikali ya Stalin iliwahamisha wote kwa nguvu wakatawanywa Siberia, hadi 1957 ndo wakaanza kurudi kwa wingi. Mengi yalipotea kule. Ila posa haikufa, hadi leo washenga bado wanapiga hodi na pombe, borzok na chai ya maziwa yenye chumvi.