Voisi za WhatsApp, manesi wa Kisumu na Kiingereza cha kuongea

Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Kisumu, wengi wao ni manesi wanaojiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na tangu Kenya na Uingereza wasaini yale makubaliano ya wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza mwezi wa saba 2021 huku kwetu kila mtu ana dada ama binamu anayeulizia huo mtihani. Walimu wenzangu nao huniuliza kitu kimoja tu, ati natumia app gani. Mimi nawaambia app ije baadaye, kwanza jiulize hicho kitu kitamfanya mwanafunzi aongee na nani, na huyo mwenzake asipomwelewa itakuwaje.

Chukua Kahoot, ule mchezo wa maswali wa kwenye simu. Watu wakitoka shifti wamechoka inawaamsha vizuri sana, msamiati unapita haraka, kuna kelele na kucheka, lakini mtu anaweza kuibuka namba moja bila kutoa hata sentensi moja mdomoni, anabonyeza rangi basi. Kuamsha darasa sawa. Kufundisha kuongea hapana.

Kinachonifanyia kazi ni WhatsApp ile ile ya kila siku. Kila mtu anayo tayari, voisi, yaani ujumbe wa sauti, hailambi bando kama video, na mtu aliye Siaya ndani ndani ambako netwaki inakuja na kupotea atasikiliza ikirudi. Zoezi ninalolipenda kabisa ni hili: nawapanga wawili wawili, mmoja namtumia rosta ya wodi ya wiki nzima na orodha ya dawa lakini sehemu zingine zimefutwa, mwenzake namtumia zile zile ila mapengo yake yako kwingine. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Sheria ni voisi pekee, hakuna picha, hakuna kuandika, na Kiswahili na Dholuo tunaziweka kando mpaka tumalize.

Alafu makusudi kabisa nawawekea namba kama "fifteen" na "fifty". Wa kwanza anasema "fifteen" kwa voisi haraka haraka, wa pili anajaza 50 kwenye pengo lake, wanaendelea vizuri tu mpaka wafike kwa hesabu ya vidonge vilivyobaki na hesabu inakataa, na hapo ndio unasikia voisi imeingia, "Sorry, did you say one-five or five-zero?" Hiyo voisi kwangu ndio somo lenyewe. Yule wa kwanza sasa inabidi arudie, avute mwisho wa neno, pengine apange sentensi upya, na hakuna mwalimu aliyemwambia afanye hivyo. Na kwa nesi hilo si jambo la mtihani tu, 15 na 50 kwa dozi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mtafiti wa kujifunza lugha, Michael Long, alianza kuandika kuhusu mambo haya miaka ya 1980, kwamba lugha inaingia vizuri pale watu wanapokwama kwenye mazungumzo na wanalazimika kurekebishana mpaka waelewane. Mtafiti mwenzake Merrill Swain naye mwaka wa 1985 aliangalia watoto Canada waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi, kusikia na kusoma wako sawa kabisa, lakini kuongea na kuandika kumebaki nyuma, na hoja yake ikawa kwamba hawakusukumwa vya kutosha kuitoa hiyo lugha wenyewe. Sisi hiyo hali tunaijua bila kwenda Canada. Kwenye KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, karatasi ya kwanza ya Kiingereza, sehemu ya kuongea ina alama 30 na zote unajibu kwa kalamu! Mtu anamaliza fomu foo na alama nzuri za kuongea, alafu anapelekwa mbele ya mtahini wa IELTS dakika 11 hadi 14 ana kwa ana, mahali fulani anapewa dakika moja ya kujipanga na aongee peke yake mpaka dakika mbili, na baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama 7 kati ya 9 hapo. Inaniuma sana kuona nesi hodari anayeendesha wodi usiku kucha akikwama hapo.

Kitu kingine, mwalimu jifunze kunyamaza kwenye grupu. Ukijibu kila voisi papo hapo, kila mtu anaanza kuongea na wewe na wale wengine wanageuka watazamaji. Mimi nangoja mpaka jioni, nachagua voisi chache, nagusa makosa yanayovuruga maana peke yake. Kwa mfano wengi wanaoongea Dholuo nyumbani "ship" inatoka "sip", hiyo nitaigusa, lakini kiambishi kilichodondoka na kila mtu ameelewa nakiacha siku hiyo. Na grupu iwe ndogo, watu wanne hivi, kwa grupu kubwa wanaoongea ni wale wale.

Uzuri mwingine wa voisi ni kwamba mtu anajirekodi, anajisikiliza, anafuta, anarudia kabla ya kutuma, na huko kurudia ni mazoezi tosha. Lakini mtihani ukikaribia nawakataza kufuta manake mbele ya mtahini hakuna kufuta.

Siku hizi wengi wanaongea na ChatGPT na mimi siwakatazi, mtu mzima mwenye cheo chake wodini anaona aibu kweli kukosea mbele ya wenzake, hapo anapata pa kuanzia. Shida yake ni moja, anakuelewa mno. Ukikosea anakisia ulichotaka kusema na kuendelea, hakuambii "sijakupata". Kwa hivyo nawaambia waanze naye wakiwa peke yao, alafu topiki ile ile waipeleke kwa mwenzao siku hiyo hiyo kwa voisi, na kazi ya mwenzao ni kuuliza maswali mawili kuhusu kitu ambacho hakukielewa kweli, sio maswali ya adabu.