“Nafungua Kidogo Tu”: Dhana Potofu Kuhusu Kamba ya Pili Mtini

“Mwalimu, nafungua kidogo tu nihamishe kamba. Nimekaa vizuri.”

Nafundisha kupanda miti kwa kamba. Maneno haya nayasikia Mufindi, nayasikia Rungwe, na wanaoyasema ni watu wa kila namna: mwanafunzi wa chuo aliyekuja na wenzake kutoka Mbeya mjini, baba aliyeleta wanawe likizo, hata kijana wa Tukuyu aliyepanda miti tangu hajaanza shule. Juzi nimeyasikia tena, msemaji akiwa mita kumi juu, mkono tayari uko kwenye karabina, ile ndoano ya chuma yenye mlango inayomuunganisha na kamba. Nimeamua kuyaandikia, maana kumjibu mtu kwa kupiga kelele kutoka chini ya mti kunamchanganya tu.

“Tawi ni nene, nimelikalia, siwezi kuanguka”

Tawi kweli ni nene. Mkuyu uliokomaa hautavunjika kwa sababu umeukalia. Ninayemhofia ni wewe. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, miti yake imeota kuvumwani, na ukungu hulowesha magome hata siku isiyo na tone la mvua. Gome la mlingoti hubanduka vipande vipande. Unakanyaga ukidhani umekanyaga mti, kumbe ni ganda linaloning'inia. Mikono iliyovuta kamba kwa muda mrefu imechoka na vidole havikazi tena. Halafu siafu anakuuma shingoni, au nyuki anakuzunguka sikioni, na unageuka kabla hata hujafikiri. Kutoka mita 10 utafika chini kwa sekunde 1.4 hivi, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Katika muda huo hakuna mtu wa kutegemea kwamba atawahi kudaka tawi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wengi wanaofanya hivi wamejifunga vizuri njia nzima. Wamekagua mkanda wa kupandia uliovaliwa mwilini, wamefunga fundo sawasawa, wamepanda taratibu. Wakifika pale kamba inapotakiwa kuhamishiwa tawi la juu zaidi, wanajiona wameshafika, na hapo ndipo wanajiacha bila chochote. Nadhani chanzo ni kwamba wanaelewa vibaya kazi ya kiungo cha pili, yaani kamba ya pili inayokushika mtini wakati unahamisha ya kwanza. Wanadhani ni akiba ya siku kamba itakapokatika, na kwa kuwa kamba ni nzuri, wanaona hakina haja.

Kamba ya kupandia miti ya milimita 11 hadi 13, ikiwa mpya na ya kiwango, huvumilia zaidi ya tani mbili. Karabina za kupandia huandikwa ubavuni kN (kilonyutoni) 22 au zaidi, yaani zaidi ya tani mbili vilevile. Mtu wa kilo 80 anayening'inia hapo kwa utulivu hata hazisumbui. Kiungo cha pili kipo kwa ajili ya makosa ya mikono na akili: umefungua karabina isiyotakiwa, umesahau kukaza pete inayofungia mlango wa karabina, umefunga fundo huku unapiga soga. Makosa hayo humpata mtu mzoefu sawa na mgeni, na mara nyingi humpata mzoefu kwa sababu haangalii tena anachofanya.

Kwa hiyo kanuni ninayofundisha ni hii: tangu miguu iache ardhi mpaka iiguse tena, kuna kiungo kinachokubeba. Wakati wa kuhama viwe viwili, kipya kikitangulia kuingia kabla cha zamani hakijatoka.

Kwa vitendo inakwenda hivi. Umefika chini ya tawi lililobeba kamba yako kuu. Chukua lanyadi, ile kamba fupi ya kiunoni, izungushe kwenye shina juu ya kisiki cha tawi kilicho imara ili isiporomoke, kisha irudishe kwenye pete ya mkanda. Funga karabina, kaza pete ya mlango, halafu usukume mlango kwa kidole gumba. Mlio wa kufunga hautoshi, maana ncha ya shati au kijiti kikibanwa pale, utausikia mlio na mlango ukabaki wazi. Angalia kwa macho. Sasa vuta lanyadi mpaka isiwe na ulegevu, legeza kamba kuu kidogo, na uulaze mwili wako nyuma mpaka lanyadi ikubebe yenyewe. Kaa hivyo uvute pumzi. Ikikushika, ndipo ufungue kamba kuu. Kamba kuu ikishapita kwenye tawi jipya, fanya yaleyale kwa upande wake: funga, kaza, sukuma mlango, ning'inia, ndipo uondoe lanyadi.

Ning'inia kwanza, fungua baadaye. Wanafunzi wangu wanalichoka hili, na nitaendelea kulirudia. Karabina iliyoshikwa kwenye kitanzi cha kubebea vifaa badala ya pete ya kubebea mtu inafanana kabisa na iliyofungwa vizuri, mpaka uiwekee uzito. Afadhali ugundue kosa hilo wakati kamba ya zamani bado imekushika.

“Kamba zangu ni mbili, tazama”

Hii inatoka kwa wanaotumia kamba inayozunguka juu ya tawi na kushuka pande zote mbili. Wanaona nyuzi mbili mbele ya uso wakahesabu viungo viwili. Ni kamba moja. Ikikatika upande wowote, au tawi likang'oka, au fundo likaachia, zote zinakuja nawe. Mfumo huo ni mzuri na ndio ninaoanzia nao wageni, lakini uhesabu kama kiungo kimoja.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowapoteza wanaofunga kamba kuu na lanyadi kwenye tawi lilelile. Tawi likiondoka umebaki na nini? Ukiwa na nafasi, tafuta sehemu mbili tofauti, na moja iwe shina lenyewe. Kwa tawi la kubeba kamba sikubali unene wa chini ya sentimita 15 pale linapotokea kwenye shina, na liwe bichi, lenye majani.

“Nikianza kuteleza nitashika fundo”

Hapana. Ukishika fundo ndio utateleza zaidi. Mafundo ya kupandia, yale yanayosogezwa juu kwenye kamba, kama la Blake na lile alilolieleza Karl Prusik wa Austria mwaka 1931, hushika kwa kujibana kwenye kamba uzito unapoingia. Mkono uliolikamata fundo kwa juu unalisukuma chini na kulizuia lisijibane, na mtu mwenye hofu hukaza mkono badala ya kuachia. Ndiyo sababu wanaopanda kwa burudani hufundishwa kufunga fundo la kitanzi kwenye kamba chini ya fundo la kupandia kila wanaposimama. Fundo la juu likianza kuteleza litagota hapo. Kulifunga ni kazi ya sekunde chache na hufunguka kwa kuvuta mara moja. Mimi nataka nilione kila baada ya mita mbili au tatu, na kwenye ukungu wa Mufindi, kamba ikiwa imelowa, hata karibu zaidi. Mwisho wa kamba nao uwe na fundo nene, ili unaposhuka usitoke kwenye kamba kabla ya kufika chini.

“Lanyadi imefungwa, kwa hiyo niko salama hata nikipanda juu yake”

Lanyadi haijatengenezwa kudaka mtu anayeanguka. Hainyumbuki kama kamba za wapanda miamba. Ukiifunga usawa wa nyayo kisha ukaanguka, utashuka mara mbili ya urefu wake kabla haijakaza, na mshtuko wote utaingia kwenye nyonga na mgongo. Ulaya, vifaa vya kuzuia anguko kazini hutakiwa visimpe mtu mshtuko unaozidi kilonyutoni 6. Lanyadi isiyonyumbuka inaweza kuupita kwa mbali hata kwa anguko fupi. Iwe usawa wa kiuno au juu zaidi, na iwe imekaza. Ukipanda hatua moja, nayo ipande hatua moja.

“Karabina ni karabina, kamba ni kamba”

Karabina ya kuning'inizia funguo haina kazi mtini, wala isiyo na pete ya kukaza. Hata ile nzuri ikilala kwa upana badala ya urefu, nguvu yake hushuka hadi karibu theluthi moja. Soma namba za ubavuni, zinaonyesha yote mawili. Kamba ya katani huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Kamba za plastiki za kufungia mizigo kwenye malori, zile za bluu na za rangi ya chungwa, mara nyingi ni za polipropilini, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi. Fundo likiteleza kwa kasi linaweza kufika huko. Usizinunue kwa kazi hii, hata muuzaji akikuapia kwamba zinavuta gari.

“Watoto wetu wanapanda miparachichi bila kamba na hawajafa”

Wako walioanguka, na hospitali za mikoa hii zinawapokea. Mparachichi una mti mwepesi kuvunjika na tawi lake hukatika ghafla. Mtoto huwa ameenda mbali kwenye tawi kufuata tunda. Huyo anahitaji mzazi wa kumwambia ashuke na achume kwa upondo.

Kwa wanaoleta watoto kupanda kwa kamba, jambo moja ambalo wazazi hunibishia kila msimu: mtoto mdogo asivalishwe mkanda wa kiunoni wa mtu mzima uliokazwa mpaka mwisho. Nyonga zake bado ni nyembamba, na akipinduka kichwa chini anaweza kuchomoka. Avae mkanda wa mwili mzima wenye mikanda ya mabegani, na kabla hajapanda mning'inize nusu mita kutoka chini, umpindue kidogo, uone kama kuna mkanda unaoteleza. Ukiteleza, kaza upya au siku hiyo asipande.