Safari Ndefu ya Wawili kwa Gari: Dhana Potofu Kuhusu Ratiba na Mambo ya Papo kwa Papo

Wapenzi vijana wanapoamua kuacha shughuli zao kwa miezi kadhaa na kuvuka nchi moja baada ya nyingine kwa gari lao wenyewe, jambo linalowagawa mapema kuliko yote huwa si njia ya kupita bali ni kiasi cha kupanga kabla ya kuondoka. Mmoja husema kwamba safari yenye ratiba ni kazi ya ofisini iliyohamishiwa barabarani, na mwenzake hujibu kwamba kuondoka bila mpango ni kujitafutia balaa. Kauli zote mbili zimezoeleka kiasi kwamba watu huzirithishana kama ushauri wa wenye uzoefu. Baadhi ya dhana zilizo nyuma yake zina chembe ya ukweli. Mojawapo, ile inayomgawia kila mmoja nafasi yake ya kudumu ndani ya gari, naiona kuwa na madhara kuliko zote, ingawa haitoboi tairi wala haimzuii mtu mpakani.

"Ukipanga, umeiua safari"

Wenye dhana hii hawakuitunga hewani. Watafiti Gabriela Tonietto na Selin Malkoc walichapisha mwaka 2016 mfululizo wa tafiti zilizoonyesha kwamba shughuli ya starehe ikishawekewa saa maalumu huanza kuhisiwa kama wajibu, na raha yake hupungua. Wapenda safari za ghafla wakiipata habari hii huishia hapo, ilhali nusu yake ya pili ndiyo yenye faida kwao: shughuli ileile ilipopangwa kwa ulegevu, bila kutajiwa saa kamili, raha haikupungua. Kusema "tutafika ziwani katikati ya juma na tutakaa hadi tuchoke" ni kupanga. Kusema "tutafika ziwani Jumatano saa nane mchana na kuondoka Ijumaa alfajiri" ni kujiandikia zamu ya kazi. Kinachodhuru, basi, ni saa, si mpango.

Lipo pia jambo ambalo wanaodharau maandalizi hawalihesabu. Jeroen Nawijn na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha Wadachi 1,530, waliona kwamba watu waliokuwa na likizo mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasiokuwa nayo, lakini baada ya kurejea wengi wao hawakutofautiana tena na waliobaki nyumbani. Likizo si sawa na safari ya mwaka mzima, nakubali. Hata hivyo, wanaotandaza ramani sakafuni miezi sita kabla ya kuondoka na kubishana kuhusu mto upi wauvuke hawaahirishi raha yao, kwa kuwa sehemu yake wameshaanza kuila.

"Mambo ya mpakani tutayajua hukohuko"

Mbele kwa mbele hufaa kwa chakula cha jioni, haifai kwa forodha. Baadhi ya mahitaji ya safari ya nchi kavu hayapatikani njiani, hata msafiri awe na fedha na maneno matamu kiasi gani. Leseni ya kimataifa ya udereva hutolewa na nchi iliyotoa leseni ya kawaida ya dereva, tena haiko ya aina moja: mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani una kijitabu chake na ule wa Vienna wa 1968 una chake, na Japani, kwa mfano, inakitambua kile cha 1949 tu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo anayechanjwa asubuhi katika mji wa mpakani hawezi kuvuka jioni pale kinapodaiwa. Wageni wa ziara fupi katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, wanaruhusiwa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na hesabu hiyo haiwajali waliokawia wiki mbili kwa sababu walikuta pwani iliyowapendeza.

Gari nalo lina pasipoti yake. Nchi kadhaa hudai kitabu cha forodha kiitwacho Carnet de Passages en Douane, ambacho hutolewa na chama cha magari kwa dhamana ya fedha au ya benki na kudumu mwaka mmoja. Kila ukurasa wake una sehemu tatu: moja hukatwa gari linapoingia nchini, ya pili hukatwa linapotoka, na ya tatu hubaki kitabuni ikiwa na mihuri miwili, wa kuingia na wa kutoka. Muhuri wa kutoka ukikosekana, kwa mujibu wa karatasi gari halijaondoka, na serikali ya nchi hiyo inaweza kudai ushuru kana kwamba limeingizwa nchini kwa kudumu. Kuikagua mihuri hiyo kabla ya kuwasha gari na kuondoka huchukua muda mfupi kuliko kufunga mkanda. Kuifuata nyuma kilomita 600 huchukua siku mbili, na hapo hapana raha yoyote ya papo kwa papo.

Ramani nayo hudanganya kwa kunyamaza. Barabara kuu ya mabara ya Amerika, ambayo husimuliwa kama mstari mmoja kutoka Alaska hadi kusini mwa Argentina, imekatika kati ya Panama na Kolombia, mahali paitwapo Darién, ambapo kwa takriban kilomita 100 kuna misitu na vinamasi na hakuna njia ya gari. Gari hupelekwa kwa meli kutoka upande mmoja hadi mwingine, na meli ina tarehe zake. Waliofika hapo bila kuagiza nafasi hawazuiwi kuendelea, ila hungoja, na kungoja huko hula siku ambazo walidhani wanazitunza kwa kutopanga.

"Kujiandaa maana yake ni kuijaza kila siku"

Kosa hili ni la upande wa pili, na wapangaji hodari ndio hulifanya zaidi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 jinsi binadamu anavyokadiria muda wa kazi zake kwa kuangalia mpango mzuri ulio kichwani mwake na kusahau jinsi kazi zilizopita zilivyochelewa. Mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao. Makadirio yalikuwa wastani wa siku 33.9, na muda halisi ulikuwa siku 55.5. Hata walipoombwa wakadirie iwapo kila kitu kingeharibika, walisema siku 48.6, yaani uhalisia uliuzidi hata ubaya waliouwaza. Msafiri anayeandika kilomita 500 kwa kila siku ya mwezi mzima anafanya hesabu ya namna hiyohiyo, kwa sababu barabara ya kilomita 500 huwa na daraja lililosombwa, kituo cha mafuta kisicho na mafuta, na mtu mmoja mkarimu anayekataa katakata muondoke bila kunywa chai.

Ratiba ikishabana, anayelipa ni dereva. Mtu aliyekesha saa 17 mfululizo huendesha kwa uangalifu uliopungua kwa kiwango kinachokaribiana na cha mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hukikataza. Kwa maoni yangu, ratiba ya safari ndefu isiyo na angalau siku mbili tupu katika kila juma haijakamilika, na siku hizo ziandikwe hivyo, "tupu," ili mtu asije akazionea huruma akazijaza.

"Mwenye akili ya kubuni hahitaji matayarisho"

Mfano unaopendwa ni wa Bertha Benz, ambaye Agosti 1888 alilichukua gari lililobuniwa na mumewe Carl bila kumwarifu, akawapakia wanawe wawili na kusafiri takriban kilomita 106 kutoka Mannheim hadi Pforzheim nchini Ujerumani. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Mafuta yalipopungua aliyanunua katika duka la dawa mjini Wiesloch, kwa kuwa kimiminika kilichotumika wakati ule kiliuzwa huko kama dawa ya kusafishia. Breki zilipolika alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa kuthubutu, na kweli alithubutu. Lakini mtu asiyejua mrija unapita wapi asingejua pa kuingiza pini, na asiyejua gari linakunywa nini asingebisha hodi kwa muuza dawa. Bertha alikuwa ametia fedha zake katika kazi ya mumewe na aliijua mashine ile. Ghafla yake ilikuwa ya tarehe ya kuondoka, haikuwa ya maarifa.

Vivyo hivyo, wawili wanaotaka uhuru wa kukata kona kuelekea njia ya vumbi isiyo katika mpango wanapaswa kuwa wameshabadilisha tairi kwa mikono yao wenyewe, wote wawili, mchana, wakiwa nyumbani. Wasome pia tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi: 2319 humaanisha juma la 23 la mwaka 2019, na tairi la akiba lililokaa nyuma ya gari miaka kumi bila kuguswa linaweza kuwa na kashata nene na mpira uliokwisha kufa.

"Mmoja ni wa ratiba, mwenzake ni wa moyo"

Hapa ndipo penye uzito. Wapenzi wengi huikubali dhana hii kama sifa ya kuzaliwa nayo, hata huitania mbele ya marafiki: huyu ni wa orodha, yule ni wa kwenda popote. Ukiitazama kwa karibu, mara nyingi utaona kwamba uhuru wa yule wa pili umelipiwa na kazi ya yule wa kwanza.

Chukua njia panda moja, saa kumi jioni. Anayeendesha anaona kibao kinachoonyesha maporomoko ya maji, kilomita 40 kulia, na anasema, "Mpenzi, twende tukaone." Anayekaa pembeni ananyamaza kidogo. Katika kunyamaza huko amehesabu kwamba mafuta yamebaki robo tangi, kwamba kituo kinachofuata kiko kushoto, kwamba giza litaingia baada ya saa mbili, kwamba maji ya kunywa ni lita tatu, na kwamba viza yao inakwisha keshokutwa. Akisema "hapana," anakuwa mharibifu wa furaha. Akisema "haya," anabeba peke yake wasiwasi ambao mwenzake hata hajui kwamba upo. Yule mwenye moyo wa safari hakuchagua kuyapuuza mafuta, maji na viza. Hakulazimika kuyakumbuka, kwa sababu kuna aliyekuwa akiyakumbuka kwa niaba yake.

Maandalizi yanayofaa kwa wawili, kwa hiyo, huanza kwa kuihamisha kazi hiyo kutoka kichwani mwa mmoja na kuiweka mahali ambapo wote wanaiona. Karatasi moja iliyobandikwa mbele ya kiti cha abiria, yenye tarehe ya mwisho ya kila viza, kiwango cha chini cha mafuta na maji ambacho hakivukwi, na saa ambayo gari lazima liwe limesimama, inatosha kuondoa ugomvi mwingi, kwa sababu anayesema "hapana" wakati huo ni karatasi na si mpenzi. Zaidi ya hapo, kazi zibadilishwe kila baada ya wiki chache. Aliyekuwa akitafuta mahali pa kulala ashughulikie gari, na aliyekuwa akishika usukani tu akapange foleni kwenye ubalozi. Nimeona kwamba mtu aliyeshinda kutwa nzima akijaza fomu za viza huacha kuita nyaraka "mambo madogo," na yule aliyezoea kupanga, akiondolewa mzigo kwa wiki mbili, ndiye mara nyingi anayepiga kelele za kwanza akiona kibao cha maporomoko.

Jambo dogo linalofanana na hili ni fedha. Kila mmoja awe na kiasi ambacho anaweza kukitumia bila kuuliza, kwa sababu ghafla inayohitaji kibali si ghafla.

"Tukipata shida pamoja, mapenzi yatakomaa"

Mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba wapenzi waliofanya pamoja jambo jipya lenye kusisimua waliuona uhusiano wao kuwa bora kuliko waliofanya jambo la kawaida. Jambo hilo jipya lilikuwa mchezo wa dakika chache juu ya magodoro, wawili wamefungwa pamoja, wakibeba mto wa kulalia kati ya miili yao bila kutumia mikono. Lilikuwa na ugeni na kicheko, halikuwa na njaa wala hofu ya polisi. Anayeacha kukata bima kwa matumaini kwamba taabu itawaunganisha ameukopa utafiti usiomhusu.

"Kuzungumzia kukatisha safari ni kujitakia mabaya"

Wengi huliepuka jambo hili kwa sababu linafanana na kuzungumzia kuachana. Wakati mzuri wa kukubaliana kuhusu fedha ya kurudi nyumbani isiyoguswa, na kuhusu sababu ambazo mmoja akizitaja hazijadiliwi, ni pale wote wanapofurahi na gari lingali kwenye maegesho ya nyumbani. Makubaliano hayo yaingie hata katika karatasi za gari. Kadi ya gari kwa kawaida huwa na jina la mtu mmoja, na huyo akiugua au akalazimika kurudi kwa ndege, mwenzake anaweza kukwama mpakani na gari ambalo kisheria si lake. Barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili, yenye namba ya chesisi na namba za pasipoti za wote wawili, huandaliwa kwa siku moja kabla ya kuondoka, na kwa kuwa maafisa wengine huibakiza, ni vyema zichukuliwe nakala kadhaa zenye muhuri halisi.