Kwa nini marinda ya pamba hupotea ukifua

Wiki hii ni mteja wa tatu. Dada kaniletea gauni la kitenge aliloshonewa kwingine, kifua kimelala kama shuka. "Fundi, kilikuwa na mikunjo kama gome la mti. Nimefua mara moja tu!" Nikashika kitambaa: pamba tupu. Kosa si la kufua.

Watu wanaamini pasi ikiwa ya moto vya kutosha, kitambaa chochote kitashika marinda. Hapana! Pamba itakutii siku hiyo hiyo, ikilowa, inajinyoosha. Polista ni jamii ya plastiki: ikipata joto inalegea, na ikipoa ingali imefungwa, inabaki na umbo hilo. Issey Miyake, mbunifu wa mavazi wa Japani aliyetoa nguo za marinda ziitwazo Pleats Please mwaka 1993, alitumia polista. Nguo ilishonwa kwanza, kubwa karibu mara tatu, ndipo ikakunjwa kwa joto.

Muuza duka akikuapia kuwa kitambaa ni polista, usibishane naye. Chomoa nyuzi mbili, ziwashe. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Polista inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu cheusi.

Ukishaipata polista, izungushe kwenye chupa ya kioo, isukume ijikunje, funga kwa uzi mpaka vidole viume, kisha chemsha. Hapa Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, si 100. Joto hilo linatosha kuilegeza, ila mimi huiacha saa nzima. Halafu usiiguse mpaka kesho yake. Wanaofungua ikiwa vuguvugu ndio wanaorudi kusema nimewaficha siri.

Unang'ang'ania pamba? Basi mkunjo ushikwe na mshono: bana kwa mkono upande wa nyuma, au weka uzi wa lastiki kwenye bobini ya cherehani. Utafua mpaka uchoke.

Mikunjo kama gome la mti ni kuiga maumbile, ila kuna wanaodhani kuiga huko ni kuchapa picha ya jani. Nenda Isimila, Iringa, saa za jioni, utazame kivuli kinavyoingia kati ya zile nguzo zilizochongwa na mmomonyoko. Kivuli hicho ndicho unachokitafuta kwenye kitambaa.

Na mita mbili hazitoshi gauni la namna hii. Marinda ya kubanana hula kitambaa mara tatu. Ukija na mbili, nitakushonea mkoba.