Je, wajua kwa nini madereva wa zamani walifunga kitambaa kibichi kwenye pampu ya petroli?

Chini ya kiti cha Datsun 120Y ya baba mkubwa kulikuwa na vitu vitatu ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa: spana namba kumi, chupa ya maji ya lita moja na nusu, na kipande cha khaki kilichokatwa kwenye suruali yake iliyochakaa. Gari likizima kwenye foleni ya Bwaise, hapa Kampala, na lilikuwa likizima mara kwa mara, alishuka bila haraka, akafungua boneti, akaizungushia pampu ya petroli kile kitambaa na kukimwagia maji. Kisha alisimama kando akiwatazama waliokuwa wakimpigia honi, kana kwamba wao ndio wenye shida. Baada ya dakika kumi hivi alirudi kwenye usukani. Gari likawaka.

Utotoni niliamini ile ni dawa. Nilipokua nikawasikia wazee wengine wakisimulia mambo hayohayo, mmoja wa Peugeot 404, mwingine wa Land Rover, mwingine wa Volkswagen zile za mgongo wa kobe. Sasa gari ni langu, limekaa Bombo nyuma ya nyumba chini ya paa la bati, na Jumamosi zangu nyingi zimeishia hapo. Siri ya kitambaa ninaijua. Si dawa, ni fizikia tupu, ingawa baba mkubwa aliipaka mahali ambapo haikutosha.

Tuanze na petroli yenyewe. Maji ni kitu kimoja, kwa hiyo huchemka kwenye joto moja. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika mamia. Vile vyepesi vyake huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi za Selsiasi, na vizito husubiri mpaka karibu nyuzi 200. Wepesi huo ndio unaosaidia injini kuwaka asubuhi ya baridi. Lakini nyuzi 40 ni nini ndani ya boneti? Bati la paa langu mchana wa Januari linazipita kabla injini haijawashwa.

Halafu kuna mwinuko. Kampala iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa inakandamiza kidogo kuliko Mombasa, pungufu kama asilimia 13. Kimiminika kisichokandamizwa sana huchemka mapema. Maji ya chai hapa huchemka kwenye nyuzi 96. Panda Kabale, karibu mita 2,000, yatachemka kwenye nyuzi 93 au 94, na ndiyo maana maharagwe ya Kabale hula kuni nyingi: maji yanatokota lakini hayana moto wa kutosha. Petroli nayo inafuata sheria hiyohiyo. Gari ambalo halikuwahi kusumbua pwani linaweza kuanza vituko likifika huku, na mwenyewe akadhani ameuziwa mafuta mabaya.

Jambo la tatu ndilo linalofanya ubaya wote. Kwenye gari kama 120Y tangi liko nyuma, na pampu imefungwa kwenye ubavu wa injini huko mbele. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Kemshafti, mhimili unaozunguka ndani ya injini, inasukuma mkono wa pampu, mkono unavuta kiwambo, kiwambo kinanyonya petroli kutoka nyuma. Spring inakirudisha, petroli inapanda kwenye kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa kabla haijaingia kwenye injini. Kunyonya maana yake ni kupunguza shinikizo ndani ya bomba. Kwa hiyo petroli ambayo tayari ina joto, kwenye mji ambao hewa yake tayari ni nyepesi, inapunguziwa shinikizo tena. Inageuka mvuke humohumo bombani, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 100 ya kimiminika ulichotoka. Pampu inaendelea kupiga, lakini inachobana na kuachia ni mvuke tu. Ni sawa na kunywa soda kwa mrija uliotoboka: mashavu yanafanya kazi, soda haipandi. Kabureta linamaliza akiba iliyomo kwenye kikombe chake, gari linakohoa mara mbili tatu, kimya.

Na kwa nini Bwaise, si barabara ya Luweero? Kwa sababu ukienda mwendo wa kilomita 80 kwa saa petroli inapita mbio haina muda wa kupata joto, na upepo unapuliza injini. Kwenye foleni petroli inatambaa, inakaa ndani ya bomba ikipashwa. Ukizima injini mambo huwa mabaya zaidi. Feni imesimama, maji ya rejeta yamesimama, lakini chuma bado ni cha moto, na moto wote ule unapanda juu. Dakika kumi baada ya kuzima, kabureta huwa na joto kuliko lilipokuwa barabarani. Kwenye 120Y kuna kisa cha ziada: menifoldi (bomba lenye matawi) ya kuingizia hewa na petroli na ile ya ekzosi ziko upande mmoja wa injini, kwa hiyo kabureta limekaa juu ya ekzosi kama sufuria juu ya jiko.

Sasa kitambaa. Kama nyumbani kwenu kulikuwa na mtungi wa udongo, jibu mnalo. Maji yanapenya udongo, yanakauka kwa nje, na yanapokauka yanabeba joto la ndani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke yote hubeba kilojuli zipatazo 2,260, karibu mara saba ya joto la kuitoa lita hiyohiyo kwenye ubaridi wa bomba la uani mpaka ichemke. Khaki ya baba mkubwa ilikuwa mtungi uliovishwa pampu. Mvuke uliokuwamo ulipoa, ukarudi kuwa petroli, na kiwambo kikapata kitu cha kusukuma. Marekani kuna waliokuwa wakibana pini za mbao za kuanikia nguo kwenye bomba la petroli kwa shida hiyohiyo. Mimi nilizijaribu, nane kwa mstari, jirani akacheka mpaka akakaa chini. Sikuona tofauti, na sishangai: mbao haibebi joto.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha ugonjwa ni huo. Kwa hesabu yangu ya uani, kila magari mawili ninayoletewa yakisemwa petroli inachemka, moja ni koili, ile inayozipa plagi umeme wa cheche. Koili iliyozeeka nayo huchoka ikipata moto, na ikipoa inarudi, kwa hiyo kitambaa kinaonekana kimefanya kazi wakati kilichofanya kazi ni muda. Kipimo ni rahisi. Gari likizima tu, swichi ikiwa imezimwa na sigara ikiwa mbali, toa kifuniko cha chujio cha hewa, chungulia koo la kabureta, vuta waya wa pedali ya mafuta kwa mkono. Ukiona petroli inaruka kama mkojo wa mtoto, petroli ipo. Kaangalie koili, kondensa na plagi. Koo likiwa kavu, fuata bomba.

Langu lilikuwa kavu. Nikafungua pampu, na hapo ndipo nilipojua kosa la kwanza halikuwa la hewa ya Kampala. Kati ya pampu na injini huwa kuna kipande kinene cheusi, kigumu kama mpini wa pasi za zamani. Kazi yake ni kuzuia joto la chuma lisipite kwenda kwenye pampu. Changu hakikuwamo. Fundi fulani, miaka fulani, alikiona kimepasuka kona moja, akakitupa, akakata gasketi ya boksi la viatu akafunga. Nasema boksi la viatu kwa sababu herufi zilikuwa bado zinasomeka. Kipande kile kina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: kinaweka umbali kati ya pampu na kemshafti. Ukikitoa, mkono wa pampu unasukumwa kupita kiasi, na siku moja unavunjika. Cha badala nilikipata Soko la Kisekka, kwenye sanduku la takataka za Datsun, baada ya kuambiwa kwa vibanda vinne kwamba hakitengenezwi tena. Vitu hivi vinazidi kuadimika. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo mizoga ya kuchinja ni ileile tuliyo nayo.

Kipande kama hicho huwa chini ya kabureta pia. Changu kilikuwapo, ila boliti zilikuwa zimekazwa mno hadi kimepinda, nikakisugua kwenye msasa juu ya kioo mpaka kikawa sawa. Kisha nikakata karatasi ya alumini, nikaipitisha kati ya kabureta na ekzosi, nikiacha nafasi ya kidole pande zote mbili. Nafasi hiyo usiionee uchoyo: alumini iliyogusa ekzosi ni jiko jingine. Bomba la petroli lililokuwa limelalia mpira wa maji ya moto nikalihamishia upande wa pili. Kazi ya asubuhi moja, na foleni ya Kawempe ikapitika.

Kupitika, si kupona. Tatizo la kunyonya lilikuwa bado palepale, na dawa yake ni kuacha kunyonya. Magari ya siku hizi yana pampu ndani ya tangi. Inasukuma petroli kwa shinikizo la baa 3 au zaidi, na kimiminika kilichobanwa namna ile hakichemki kirahisi, kama vile maji ndani ya sufuria ya presha. Nikasema nami niweke pampu ya umeme karibu na tangi. Hapo nikaponzwa na haraka. Muuzaji mmoja aliniapia kuwa pampu ni pampu, akanipa iliyotoka kwenye gari la injeksheni, yaani la siku hizi lisilo na kabureta. Kabureta linataka baa 0.2 au 0.3 tu, basi. Nilipofungua swichi, ile pampu iliisukuma sindano inayofunga petroli kwenye kabureta kama mlango uliopigwa teke, petroli ikamwagika juu ya menifoldi hadi chini. Injini ilikuwa baridi, ndiyo maana bado nina nyusi.

Pampu sahihi ni ile ya shinikizo dogo iliyotengenezwa kwa kabureta. Ifunge chini karibu na tangi, mahali petroli inapoifikia kwa kushuka, kwa sababu pampu hizi zinajua kusukuma kuliko kuvuta. Ile ya zamani ukiitoa, funika tundu lake kwa bamba na gasketi, la sivyo oili itatokea hapo. Umeme wake usiupitishe moja kwa moja kutoka kwenye swichi: upitie kwenye kifaa kinachohisi presha ya oili, ili injini ikizima, hata kwa ajali, pampu nayo ife. Nami niliongeza bomba jembamba la kurudisha petroli tangini, kwa hiyo hata gari likiwa limesimama na injini inanguruma, petroli inazunguka badala ya kukaa ikipikwa, na mvuke ukitokea unapata pa kwenda.

Utashauriwa pia utoe thermostati, kizibo kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Usitoe. Yangu hufunguka kwenye nyuzi 82. Kwenye foleni huwa imeshafunguka yote, hivyo kuitoa hakupunguzi kitu pale, ila barabarani injini itakuwa baridi siku zote na kula mafuta bure. Rejeta likiwa limeziba, zibua rejeta.

Kumebaki ugonjwa mmoja ambao pampu haiufikii. Ukizima gari lenye moto, petroli iliyo kwenye kikombe cha kabureta huchemka na kudondokea ndani ya menifoldi. Ukirudi, injini haina njaa, imeshiba kupita kiasi. Ukipiga-piga pedali unaizidishia. Hapo unakanyaga pedali mpaka sakafuni, unaishikilia hapohapo, unapiga starta mpaka hewa isafishe mafuta yaliyozidi.

Mwezi uliopita nilimpeleka baba mkubwa mjini. Bwaise tulisimama dakika arobaini, injini haikutetereka, naye hakusema neno. Wandegeya tukashuka kula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Tuliporudi, starta ikazunguka, gari likakataa. Nikamwona anainama, mkono chini ya kiti.

"Ngoja kwanza, baba mkubwa."

Nikakanyaga pedali hadi mwisho, nikazungusha ufunguo. Likakohoa, likatoa moshi mweusi mbele ya watu wa chapati, likashika. Baba mkubwa akakikunja kile kitambaa mara mbili, akakirudisha kilipokuwa.

"Maji ya chupa yamekwisha," akasema. "Ukifika nyumbani ujaze."