Mnaogopa Betri, Hamuogopi Soketi

Mteja analeta Demio yake ya petroli kubadilisha plagi na koili, anaona Nissan Leaf, gari la umeme, imeinuliwa kando, anatikisa kichwa. "Fundi, haya ya stima bado. Betri ikifa baada ya miaka mitatu, gari unaliuza kwa kilo." Nimeisikia kauli hii kwa madereva wa teksi, kwa walimu, kwa vijana wa bandarini wanaoyashusha magari haya melini, na juzi nikaisikia kwa fundi mwenzangu. Hapo ndipo nilipoona niandike. Atakayekuja tena na maneno hayo nitamtumia hii aisome nikiendelea na kazi.

Betri kubwa ya gari la umeme hupungua polepole, na ukiijua hesabu yake unaweza kupanga nayo miaka. Mwaka 2024 kampuni ya Geotab, inayokusanya data za magari ya makampuni, ilitoa hesabu kwamba betri hizi hupoteza kwa wastani asilimia 1.8 ya ujazo, yaani chaji zinayoweza kubeba, kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, miaka kumi inakuachia zaidi ya asilimia 80. Sisemi hiyo ndiyo hesabu ya Mombasa. Magari mengi waliyoyapima yako Ulaya na Amerika Kaskazini, na mengi yana betri inayopozwa kwa maji. Leaf hizi za mtumba tunazoziona hapa hazina. Betri ya Leaf inapozwa na upepo unaopita chini ya gari, basi. Wenye Leaf wa Arizona waliiona mistari ya dashibodi inayoonyesha afya ya betri ikidondoka mwaka 2012, gari likiwa na umri wa miaka miwili tu sokoni, mpaka Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya ujazo na baadaye kubadilisha kemikali za seli. Kwa hiyo joto ni adui wa kweli, na gari lililoegeshwa juani Changamwe likiwa limejaa asilimia 100 linazeeka haraka kuliko lile linalolala kwenye baridi ya Limuru. Lakini kuzeeka haraka ni jambo moja, na kufa baada ya miaka mitatu ni jambo lingine kabisa. Msiyachanganye.

Sasa niwaambie hiyo inayoitwa "betri imekufa" huwa ni nini. Betri ya Leaf ya uniti 24 za stima ina moduli 48, kila moja ina seli nne, jumla seli 192 zilizofungwa kwa jozi, jozi 96 zikifuatana. Zikifuatana, maana yake mkondo uleule unapita katika zote. Jozi moja ikichoka, kompyuta ya betri haingoji nyingine 95. Ile dhaifu ikigusa volti ya chini, gari linapunguzwa nguvu, taa ya kobe inawaka kwenye dashibodi, na mwenye gari anatangazia mtaa mzima kwamba betri imekwisha. Ukichomeka kifaa cha OBD2, kinachosoma kompyuta ya gari, na kufungua programu ya simu ya LeafSpy, unaiona waziwazi. Gari likiwa limesimama, mistari yote 96, mmoja kwa kila jozi, iko sawa kama kichana. Mwambie dereva akanyage mafuta apande mlima, na mstari mmoja unazama peke yake. Gari limesimama, tofauti ilikuwa milivolti chache. Gari likivuta, tofauti inaruka mamia. Huyo ndiye mgonjwa. Wale wengine 95 wazima.

Je, ubadilishe moduli hiyo moja? Hapa nakiri kwamba moyo wangu hautulii, ingawa kazi hii naifanya. Moduli ya kuweka inatoka kwenye gari lililogongwa, haina historia, na ujazo wake hauwiani kamili na wa majirani zake wapya. Unaweza kuzisawazisha volti siku ya kufunga, lakini huwezi kuzisawazisha tabia zake za mwaka unaofuata. Namwambia mteja hivyo kabla hajatoa pesa: tunanunua muda, labda mrefu, labda mfupi. Anayewaahidi betri "kama mpya" kwa kubadilisha moduli mbili anawadanganya.

Na kuna udanganyifu mwingine unaoniudhi zaidi, kwa sababu unawapata watu waangalifu. Leaf inaonyesha afya ya betri kwa mistari 12 midogo pembeni mwa kipimo cha chaji. Wa kwanza huondoka ujazo ukipungua kama asilimia 15, na kila unaofuata huondoka baada ya asilimia 6 na kitu. Mnunuzi aliyesoma kidogo anaihesabu, anaona 12, anafurahi. Ila hesabu hiyo inatoka kwenye kompyuta ya betri, na kompyuta inaweza kusahaulishwa. Mtu anaifuta, mistari yote 12 inarudi kwa wiki kadhaa, gari linauzwa, kisha mistari inaanza kudondoka mmoja baada ya mwingine mnunuzi akidhani ni yeye aliyeiharibu. Hata asilimia ya LeafSpy ni makadirio, na inapanda na kushuka kidogo kulingana na ulivyochaji karibuni.

Ukitaka ukweli, tumia mita ya stima. Endesha gari mpaka chaji iwe chini kabisa kwa usalama, chomeka mpaka ijae, soma mita kabla na baada. Toa kama asilimia 10 hadi 15 zinazopotelea kwenye kuchaji. Kinachobaki ndicho kilichoingia kwenye betri. Mita ya KPLC, kampuni ya stima, haijui kuuza magari. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka.

Nije kwenye jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Leaf nyingi zinakuja na waya wa kuchajia wa Japani, wa volti 200 na ampea 15, wenye plagi yao ya Kijapani. Plagi hiyo haiingii kwetu. Basi mtu anaikata na kufunga plagi yetu ya pini tatu, ampea 13, halafu anachomeka kwenye soketi ya sebuleni kupitia ekstensheni inayopita dirishani.

Fikiria kinachotokea. Pasi inavuta mkondo mkubwa, kweli, lakini kwa dakika chache, na inajizima na kuwaka. Gari linavuta ampea 15 bila kupumua kwa saa nane, kumi. "Si kuna fyuzi?" Fyuzi ya 13 haikatiki kwa 15. Inaweza kubeba hata 20 kwa muda mrefu sana kabla ya kuyeyuka. Kinachoyeyuka kwanza ni plastiki. Ninazo soketi kadhaa nimezihifadhi kwenye droo kuwaonyesha watu: upande wa pini yenye stima umekuwa kahawia, plastiki imevimba, na bati la ndani linaloshika pini limepoteza mkazo wake. Mkazo ukilegea mguso unakuwa mbaya, mguso mbaya unaongeza joto, joto linalegeza zaidi. Chumvi ya hewa yetu ya pwani inakula bati hilohilo mwaka mzima. Na yote hayo yanatokea usiku watu wamelala.

Dawa yake si ghali ukilinganisha na gari: waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye bodi ya stima moja kwa moja, swichi yake yenyewe ya kukata na kinga ya stima inayovuja, na chaja ya ukutani. Fundi stima mwenye leseni anaimaliza kwa siku moja. Mtu ametoa milioni na ushee kununua gari, halafu anabania hapo. Sielewi, na sitaacha kusema.

Safari ya Nairobi nitaieleza kwa hesabu, kwa sababu kila upande unadanganya. Kutoka Mombasa ni kilomita kama 480, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kilomita watu wanazihesabu, lakini mwinuko hawauhesabu. Gari la kilo 1,900 pamoja na abiria na mizigo, kulipandisha mita 1,700 tu kunahitaji karibu uniti 9, na ukiweka hasara za njiani ni kama 10. Leaf ya uniti 40 inatoa robo ya betri yake kwa mlima peke yake, kabla hujahesabu upepo na lami. Ukirudi unadaiwa kidogo, kwa sababu mteremko unarudisha sehemu kubwa.

Na robo hiyo siyo tatizo kubwa. Tatizo ni joto. Umeendesha kwa kasi mpaka Voi, betri imepata joto. Ukichaji kwa chaja ya kasi inapata joto zaidi, na haina maji ya kuipoza. Ukifika chaja ya pili, gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji ili kulinda seli, na dakika 40 zinageuka saa na nusu. Juu ya hayo, Leaf hizi zinachajiwa kwa kasi kwa plagi ya aina ya CHAdeMO, vituo vingi vipya vinajengwa kwa CCS2, na baadhi ya magari ya Kichina yanakuja na GB/T, kila mmoja na mdomo wake. Kwa safari hiyo, kwa gari hilo, jibu langu ni hapana. Gari lenye betri ya uniti 60 inayopozwa kwa maji ni habari nyingine, nalo ni bei nyingine.

Mengine nitayapitia upesi. Mvua: betri imefungwa haiingizi maji, endesha, ila usiingie kwenye mafuriko kama ambavyo hungeingia na petroli. Stima ya Kenya ni chafu? Karibu asilimia 90 inatoka kwenye mvuke wa ardhini kama wa Olkaria, maji, upepo na jua. Stima ikikatika? Kwa anayechaji kila usiku, giza la usiku mmoja halimzuii kwenda kazini kesho yake. Gharama: kwa stima ya nyumbani ya shilingi 25 hadi 30 kwa uniti, kilomita 100 za mjini ni kama shilingi 500, ukiweka hasara ya kuchaji. Demio kwenye foleni ya Nyali, ukihesabu petroli kwa shilingi 180 kwa lita, haikosi 1,200. Na tangu 2023 kuna bei maalumu ya stima ya kuchajia magari, iliyo nafuu zaidi saa za usiku. Gari halitaki kuwaka kabisa asubuhi? Angalia betri ndogo ya volti 12 kabla hujaita mtu kulivuta.

Mtu akinitajia Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yalikuwa ya umeme, namuuliza gari lake linalala wapi. Wanorwe wengi wana mahali pa kuchomeka nyumbani. Hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kila mteja, kabla ya kilomita na kabla ya bei. Mwenye ua na mita yake, anayeenda kazini na kurudi, anayevuka feri ya Likoni kila siku, kwake gari la umeme liko tayari leo, na petroli anaichoma bure. Mabasi ya umeme ya BasiGo yanabeba abiria Nairobi tangu 2022 kwa sababu yanalala depo, na depo ina chaja. Bodaboda za kubadilisha betri zimelimaliza swali hilo kwa njia yao, kwa kuwa pikipiki hailali na chaja kabisa.

Aliyepanga ghorofa ya tatu Kisauni, anayeegesha barabarani, simwambii anunue. Namwambia achukue Toyota Aqua ya haibridi, inayotumia petroli na umeme pamoja bila kuchomekwa, na aende kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu laini ya stima ya pale chini, yenye mita yake, itakayotumiwa na wapangaji watatu au wanne kwa zamu. Wenye nyumba wawili wamenipigia simu kuuliza waya wa namna gani unahitajika. Niliwaambia milimita 6, na wasikubali fundi atakayewaletea wa 2.5.